Ujumbe wa Jumatano

Ukoo wangu wote unaamini kwamba kazi yangu ni kutengeneza kompyuta. Kila nikienda mtaa wa Bwiza, hapa Bujumbura, kumsalimia mama, nakuta mezani simu zilizopasuka kioo, redio isiyokamata stesheni, na mara moja pasi ya umeme ya shangazi, vyote vikinisubiri mimi fundi. Nimeeleza mpaka nimechoka. Mimi ni mtafiti: nachunguza mitambo inayohifadhi habari za wagonjwa, nione kama siri ya mgonjwa inabaki siri baada ya kutoka kwenye daftari la muuguzi na kuingia kwenye mashine. Shangazi husikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha huuliza pasi yake itakuwa tayari lini.

Nilikulia kwenye ua uleule ambao mama anakaa mpaka leo: vyumba vya kupanga vimezunguka kiwanja kimoja cha kuanikia nguo, bomba moja la maji, na choo kimoja ambacho foleni yake ya asubuhi ilitufundisha adabu kuliko shule. Pale mtu hapigi chafya akabaki nayo. Ukipika nyama, ua mzima unajua. Ukikosa hata ndagala, dagaa wa ziwani, wanajua pia, na jirani atakuletea bakuli bila kuombwa. Sikuuchukia ua ule hata siku moja. Ila nilipopata nafasi ya kuchagua kazi, nilichagua ya kufunga milango.

Mradi ninaotaka kuusimulia ulikuwa kwenye kituo kimoja cha afya upande wa kaskazini wa mji, kinachopokea watu wa mtaa wa Buterere. Mkuu wetu alikuwa daktari, Mrundi aliyesoma mbali akarudi kwa hiari yake wakati wenzake wengi walibaki hukohuko. Mtu mwema, mwenye haraka, na mwenye kulipenda neno la Kifaransa confidentialité, usiri, kiasi cha kulitafutia nafasi hata wakati wa kula. Chini yake tulikuwa mimi na mwenzetu mmoja mwandishi wa programu, mtu mpole asiyependa kusemeshwa kabla hajanywa chai. Tulizitoa rekodi za kituo kwenye madaftari yaliyoliwa na unyevu tukaziingiza kwenye vishikwambi. Kisha daktari akaongeza jambo alilolipenda kuliko yote: kwa mgonjwa anayekunywa dawa mwaka hadi mwaka, mashine ingemtumia ujumbe kwenye simu siku moja kabla ya zamu yake. Kesho ni Jumatano, kwa mfano, ujumbe ulisema kwa Kirundi, usikose kuja kituoni kuchukua dawa zako. Hapakuwa na jina la ugonjwa wala la dawa.

Kazi yangu ilikuwa kuukagua mtambo huo na kuandika ripoti kabla daktari hajaenda Kigobe, kwenye ofisi za serikali, kuwaomba wakubwa wa afya waruhusu ujumbe uende vituo vyote vya mji. Nikapekua kweli, maana mimi nikianza kupekua siachi. Mama husema ningekuwa panya ningemaliza mji. Nilijaribu kuingia kwa maneno ya siri ya kubahatisha, nikagonga ukuta. Niliangalia nani anaona nini: anayeandikisha wagonjwa hakuona vipimo, wa maabara hakuona anakokaa mtu. Habari zilipokwenda kwenye kompyuta kuu, zilikwenda zikiwa zimegeuzwa fumbo ambalo hata mwizi mwenye digrii asingelifumbua. Niliridhika. Nilianza kuandika ripoti ya kusifu, kitu ambacho huwa sikifanyi kirahisi.

Aliyenitibulia ni muuguzi wa Jumatano. Alikuwa mama mwenye sauti ya kwaya na uso usioweza kuficha kitu, na siku hiyo uso wake haukuwa mzuri. Akaniambia kwamba tangu ujumbe uanze kutumwa, benchi lake linapungua watu. Wale ambao kabla ya hapo walikuja wenyewe, bila kukumbushwa na mashine yoyote, sasa hawaji.

Kituo kile kiligawa siku kwa magonjwa, kama vinavyofanya vituo vingi. Jumatatu ilikuwa ya watoto, Jumanne sukari na presha, Alhamisi wajawazito. Jumatano ilikuwa siku ya kifafa, kwa sababu muuguzi huyo ndiye pekee aliyefundishwa kukitibu, na siku nyingine alishika kazi nyingine. Mpango mzuri kabisa. Lakini watu wa mtaa wana macho, na baada ya muda waliokuja siku ile walipewa jina: watu wa Jumatano. Kwetu kifafa bado kinaogopwa. Wapo wanaoamini kwamba mate ya aliyeanguka yanaambukiza, kwa hiyo mtu anaanguka kwenye moto na wenzake wanasimama mbali wakishika vichwa. Binti mwenye kifafa haposwi, na wadogo zake nao huchunguzwa.

Daktari aliposikia benchi linapungua, alisema tiba ni kutuma ujumbe mara mbili. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Jumatatu moja nilikuwa kituoni, kati ya akina mama na watoto wao wenye homa, nikijifanya nasoma. Akaja binti mmoja asiye na mtoto, akakaa benchi moja nao. Nitamwita binti tu. Kazi yake na mambo mengine mawili matatu nimeyageuza, na haya yote nayaandika kwa ruhusa yake. Alipokuwa ananiruhusu alicheka akasema kwao hakuna anayesoma vitabu. Zamu yake ilipofika, muuguzi wa siku hiyo alimwambia kwa upole arudi Jumatano, leo ni siku ya watoto. Binti akajibu kwamba Jumatano haji. Hakupandisha sauti, na hakuinuka.

Nilimwomba muuguzi ampe kwanza dawa zake, halafu amuulize kama angependa kuzungumza nami, na kwamba akikataa hakuna kitakachoharibika. Binti alikubali akiwa tayari ameshika pakiti mkononi, jambo lililonionyesha kwamba hakuwa mjinga. Tukaingia chumba cha chanjo, ambako friji hunguruma kiasi kwamba aliye mlangoni hasikii neno.

Kwao hakukuwa na simu. Alipoandikishwa na kuulizwa atapatikana wapi, alitoa namba ya jirani, mzee mmoja mwenye paneli ya sola anayechaji simu za mtaa mzima. Hilo halikunishangaza hata kidogo. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi nilitoa namba ya duka la pale pembeni ya ua wetu, la familia ya Kiarabu iliyofanya biashara Bwiza tangu enzi za babu zao, na barua zangu za chuo zilitangazwa kwanza kwa wanunuzi wa sukari. Asiye na simu hupatikana kwa mwenye simu. Na kwetu ujumbe wa mtu hauwekwi mfukoni. Ukiupokea, unaufikisha saa ileile. Kama mwenyewe yuko ng'ambo ya mfereji, unampazia sauti. Huenda ni msiba, huenda ni mtoto kazaliwa, na anayekalia habari ya mwenzake anahesabiwa mtu mbaya.

Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu safi kuliko wengi. Ujumbe ulipoingia, alisimama, akavuka mpaka ukingo wa mfereji uliojaa maji ya mvua, akamwita binti kwa jina, akamsomea yote kama yalivyoandikwa: kesho ni Jumatano, usikose kituoni kuchukua dawa zako. Nyuma yake walikuwa watu wanaosubiri simu zao zijae chaji. Mmoja wao alikuwa dada wa mchumba wa binti.

Binti alijibu haraka kwamba ujumbe ni wa mama yake. Wiki zilizofuata mzee akaja tena, na tena, kwa uaminifu uleule. Ndipo binti akakata shauri: asipoonekana kituoni Jumatano, basi ujumbe si wake. Akakaa bila dawa. Alfajiri moja akaanguka jikoni akiwa peke yake. Aliponieleza hayo alifunua kitambaa alichojifunga mkononi, nikaona ngozi ilivyoungua kutoka kiwiko hadi karibu na kidole gumba. Nyumbani alisema ni uji uliomwagika.

Familia ya mchumba ilikuwa ije kuzungumza mahari mpunga ukishavunwa. Nilimuuliza, kwa ujinga wa watu waliosoma, kama mchumba hafai kuelezwa kabla ya hapo.

"Dada, mi sikatae ajue," alisema. "Atajua. Lakini ni mi njo nitamuambia, siku yenye nitapata nguvu. Si muzee na simu yake."

Akaniomba nisimtaje kwa mtu yeyote, hata kwa daktari. Nikaahidi. Sikujua wakati ule ahadi hiyo itanifunga kiasi gani.

Mjini mafuta hayakuwepo wiki hiyo, magari yalilala kwenye foleni za vituo vya petroli, kwa hiyo nilirudi kwa miguu pamoja na nusu ya Bujumbura. Nilikuwa na hasira, na mbaya zaidi, hasira isiyo na pa kutua. Siwezi kumkasirikia mzee anayefikisha habari za watu. Siwezi kumkasirikia muuguzi. Nikaikasirikia ripoti yangu nzuri. Tulikuwa tumeweka kufuli kwenye kila mlango wa nyumba, kisha tukasimama dirishani kutangaza kilichomo ndani. Nilipofika Bwiza nilikuwa nimeshaamua kwamba ujumbe ule hautafika Kigobe.

Kuamua ni rahisi. Kesho yake nikamkabili daktari ofisini kwake, naye akanisikiliza akiwa ameunganisha vidole, kama kawaida yake anapojua atakataa. Akasema wagonjwa walikubali wenyewe kutumiwa ujumbe. Akasema tena, polepole, kwamba ujumbe hauna ugonjwa ndani.

"Dokta, kwa watu wa kule Jumatano njo jina ya ugonjwa," nilimwambia.

Kisha akaniletea methali, maana hata waliosoma mbali huirudia methali wakibanwa: mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamjibu kwamba wagonjwa hawa hawakumficha daktari, waliwaficha majirani, na methali haikusema lazima uwaonyeshe majirani. Akacheka, lakini hakusogea. Alitaka ushahidi. Benchi linaweza kupungua kwa mvua, kwa kilimo, kwa kukosa mafuta. Na kusema kweli hapo hakukosea. Mtafiti asiyetaka ushahidi ni mpiga ramli.

"Nipe cas moja," alisema, yaani kisa cha mgonjwa mmoja. "Moja tu, yenye nitaweka mu rapport."

"Nikikupa, nitakuwa nimefanya kile kile chenye simu ilifanya."

Akasema kwa huzuni, si kwa ukali, kwamba basi sina kitu, na kwamba safari ya Kigobe iko palepale. Nilitoka pale nikiwa na binti moyoni na mkono wake ulioungua, na sikuweza kumtoa hapo hata kwa faida yake mwenyewe. Ningetaja jina moja tu na daktari angeniamini. Jina hilo lingeingia kwenye ripoti, ripoti ingeingia kwenye mkutano, na huko kuna binamu wa nani na shemeji wa nani. Bujumbura si mji mkubwa kama unavyoonekana kutoka milimani.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa, nikiligeuza huku na huku. Kama ushahidi unaotakiwa ni mtu mmoja, na mtu huyo hapaswi kuwa mgonjwa, basi atakuwa nani? Jibu lilinijia nikiwa napanga foleni ya maji kwenye ua wa mama, na nikiri kwamba lilinitisha. Si njia iliyoandikwa kwenye kitabu chochote cha utafiti.

Simu ya mama ndiyo simu ya ua. Wapangaji wawili watatu wameandikisha namba yake kila mahali, na kwa kuwa macho yake hayasomi tena herufi ndogo, ujumbe wowote ukiingia humpa aliye karibu amsomee. Nilimweleza mpango wangu wote, isipokuwa habari za binti. Mashine ingenitumia mimi, kwa jina langu, kwenye namba yake, ujumbe wa Jumatano wa kituo kile. Watu wangesema. Nilitaka ajue hivyo kabla hajakubali, kwa sababu maneno yenyewe yangemkuta yeye nyumbani, si mimi ofisini.

Mama aliendelea kuchambua maharage. "Mi nishazeeka, nani atanikimbia?" alisema. "Na we, wa kukukimbia alishakimbia zamani."

Huyo ni mume wangu wa zamani aliyekuwa anasemwa. Nikajua nimepewa ruhusa.

Mwenzetu wa programu aliingiza jina langu akiwa ananung'unika kwamba nitajutia. Hakuandika ugonjwa wowote. Aliweka jina, namba ya mama na siku, basi. Jumanne mchana ujumbe ukaingia. Mama akampa simu mpangaji mmoja, mama muuza mboga ambaye kila alfajiri huenda kununua lengalenga Buterere na anawajua watu wa Jumatano. Akausoma kwa sauti katikati ya ua, watu wakifua. Mama aliniambia kwamba alipofika mwisho aliurudia mwenyewe kimoyomoyo, kisha akairudisha simu kwa mikono miwili, kama anayempa mfiwa kitu.

Yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu, na bado siyaamini vizuri. Siku ile ile ya Jumatano nilipofika kwa mama, hakuna aliyeniletea simu ya kutengeneza. Shangazi hakuitaja pasi. Alikuwa amekuja na maji ya baraka kwenye chupa ya Fanta, na nilipokaa karibu na jiko la makaa alilisogeza taratibu kwa mguu, akajidai anaogopa moshi. Binamu yangu akaniondolea kikombe cha chai ya moto mkononi akakiweka chini. Mwenye duka la pembeni, ambaye mimi nilimjua tangu nikiwa na meno ya utoto, alinipa sukari na kukataa pesa, akaniombea shifaa kwa Mola. Wengine walisema tu ihangane, neno la Kirundi la kumpa pole aliyefikwa na zito. Hakuna hata mmoja aliyetaja ugonjwa. Hakuna aliyenicheka. Walikuwa wema kwangu kiasi cha kunifanya nitake kupiga kelele.

Kaka yangu alinipigia simu akiwa amekasirika, kwa sababu ana mabinti wakubwa. Nikamweleza ukweli wote. Akasema hata kama, nani ataamini, na maji yakimwagika hayazoleki. Alikuwa sahihi, na mpaka leo kuna ubaridi kidogo kati yetu. Alikuwepo pia bwana mmoja, mwalimu, ambaye kwa miezi alikuwa ananialika Jumamosi kando ya ziwa tule samaki wa mukeke wa kuchoma. Jumamosi ile alipata kazi ya ghafla, na iliyofuata pia. Iliniuma. Nilijua ni uongo uliomkimbiza, lakini aliyekimbia alikuwa mtu wa kweli, na usiku niliwaza binti yule angejisikiaje kwa jambo ambalo kwake si uongo.

Wiki iliyofuata daktari aliniita. Akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akasogeza kiti chake upande wangu wa meza. Alizungumza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Kazi yangu haina shida, alisema. Nisipande tena pikipiki za abiria, hata mafuta yakirudi. Anamjua daktari mzuri wa mishipa ya fahamu, na angempigia yeye mwenyewe. Alisikitika kwamba sikumwamini mapema nikamwambia. Nilimwacha amalize, kwa sababu alikuwa anasema kwa moyo safi, na kwa sababu nilitaka yote yawe mezani.

"Dokta, umejulia wapi?" nilimuuliza.

Akaangalia vidole vyake. Mke wake alisikia kwenye mazoezi ya kwaya, alisema. Huko nani alianzisha, hakujua.

"Ulitaka cas moja," nikamwambia. "Ni mi. Siko na kifafa, sijawahi kuwa nacho. Angalia mu mashine yako utaona jina yangu, namba ya mama, na Jumatano. Hakuna kufuli yenye ilivunjika, na habari imefika mpaka kwako nyumbani."

Alifungua kompyuta akaangalia. Akaifuata kwa kidole mistari ile mitupu, ambapo hata neno kifafa halikuwepo. Nilisubiri anikaripie kwa kuchezea mtambo wake, na nilikuwa nimejiandaa kujibu. Hakukaripia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeliona jambo hilo kwa mara ya kwanza.

"Sasa, na wale wengine?" aliuliza.

Kigobe tulikwenda pamoja. Nilikuwa nimempa ruhusa anitaje, na alinitaja, akasimama mbele ya wakubwa akasimulia jinsi yeye mwenyewe alivyonionea huruma kwa ugonjwa nisiokuwa nao. Sidhani kama ilikuwa rahisi kwake. Mmoja wa wakubwa akauliza kama hatuwezi kuacha ujumbe, tukaondoa siku tu. Nikajibu kwamba kwa anayesubiri chaji pale Buterere, neno dawa peke yake linatosha kuanzisha mazungumzo. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe walikubali ujumbe usimame hadi kila mgonjwa aulizwe nani hufungua simu hiyo, na kama anataka kukumbushwa, akumbushwe kwa maneno gani. Wapo waliochagua ujumbe unaosema tu kwamba shangazi anawasalimu. Na muuguzi wa Jumatano, bila kusubiri karatasi ya mtu, akaanza kuwapokea watu wake siku yoyote, kati ya wenye kikohozi na wenye presha. Nilimfundisha mwenzangu mmoja, alisema, na wa pili nitamfundisha; Jumatano waitafutie kazi nyingine.

Kwenye ua, mama alipita chumba kwa chumba kueleza kwamba ulikuwa utafiti, mtoto wake ni mzima. Wakamsikiliza kwa adabu kubwa. Alipoondoka walisema maskini, mzazi lazima afiche. Mimi pia nilikana kila nilipopata nafasi, dukani, kanisani, kwa binamu, na kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kunipa pole. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja.

Ijumaa moja, mpunga wa Buterere ukiwa umeshavunwa, nilimwona binti akitoka kituoni na pakiti yake kwenye kikapu. Alinifuata hadi nje ya geti. Mkono ulikuwa umepona, umeacha kovu linalong'aa. Alinitazama kwa namna ambayo hakuwa ananitazama kwenye chumba cha chanjo, kama mtu wa nyumbani.

"Dada, nilisikia na we uko nayo," alisema. "Nikasema, kama dada wa kompyuta iko nayo na anatembea, anafanya kazi, mi naogopa nini? Nikamuambia."

Nilimuuliza mchumba alisema nini. Mchumba aliinuka, akasema binti. Binti alidhani anaondoka. Kisha mchumba akauliza, binti akianguka amshike wapi, kichwa au mabega, na akamwomba amwonyeshe.

Ikabidi nimwambie ukweli. Habari yake mwenyewe aliisema kwa kinywa chake. Nisingeweza kumwacha aondoke na yangu ya uongo. Nikamweleza simu ya mama, ujumbe, daktari, Kigobe, yote, na kwamba kifafa sina. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilitegemea atakasirika, au atacheka. Aligeuka akaangalia kule geti, ambako mama mmoja alikuwa anaingia, amejitanda kitenge mpaka machoni, akitembea karibu na ukuta.

"Basi usiambie mutu," alisema. "Iko wengine wanasikia kama mi nilisikia. Acha waseme."

Tangu siku ile nimeacha kukana. Shangazi bado husogeza jiko nikiingia, na mimi hukaa pale aliponiachia nafasi, namwambia asante.